Theluji Hatuna, Baisikeli Tunayo



Majuzi tulikuwa na siku ya kupima presha na sukari baada ya ibada, huku upande wa Kiminini. Mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, alipimwa, akapumzishwa, akapimwa tena. Muuguzi akamwambia maneno ambayo wengi wetu tumekwisha kuambiwa: apunguze chumvi, ameze dawa bila kuruka siku, na afanye mazoezi. Mzee akavaa kofia yake, akauliza, "Mazoezi gani, binti yangu? Unataka nikimbie barabarani na kaptula kama Kipchoge? Watu watasema mwalimu amechanganyikiwa."

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa kikundi cha vijana akaingilia kati: "Mwalimu, afadhali ujaribu ile ya Wazungu ya kuteleza kwa theluji. Nimeona kwa TV. Wale watu wako na pumzi!" Kicheko kikazidi. Lakini muuguzi hakucheka sana. Alimwuliza mwalimu amefikaje kanisani. Alikuwa amebebwa na pikipiki, mwendo wa kilomita 3 hivi. Na ile baisikeli aliyokuwa akienda nayo shuleni miaka yote? "Ah, hiyo iko stoo. Kuku wanatagia hapo."

Tulirudi ofisini na maswali hayo mawili, la mwalimu na la kijana, tukaona si ya mzaha. Je, michezo ya theluji ina nguvu gani ambayo sisi hatuna? Na baisikeli ya kwenda sokoni inaweza kuitwa mazoezi, ama ni shida tu za maisha?

Kwanza tuelewane kuhusu mazoezi yenyewe. Mwili haujui kama umevaa nguo za michezo au umevaa shati la kazi. Moyo unajua kitu kimoja tu: misuli mikubwa inadai hewa, na damu lazima ipelekwe haraka. Ukifanya hivyo mara kwa mara, moyo wenyewe, ambao pia ni msuli, unapata nguvu na kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Mishipa inalegea, presha inashuka kidogo. Misuli ya mapaja inachota sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, ndiyo maana mtu mwenye kisukari anaambiwa asikae tu. Haya yote yanatokea hata kama uliyemfuata ni ng'ombe aliyepotea.

Wataalamu wana njia rahisi ya kupima ukubwa wa kazi. Wanachukua mtu aliyeketi kimya na kuita hiyo moja, kisha wanaangalia kazi fulani ni mara ngapi ya hapo. Kuendesha baisikeli polepole, mwendo wa kwenda kusalimia jirani, ni kama mara 4. Ukienda mwendo wa kilomita 16 hadi 19 kwa saa, inafika karibu mara 7. Sasa theluji. Kuteleza kwa skii kwenye uwanda, taratibu, ni karibu mara 7 vilevile. Mwendo wa kati ni mara 9, na wale wa mashindano hupita mara 12. Lakini ile ya kushuka mlimani, ambayo ndiyo huonekana ya kutisha kwenye TV, kwa mtu wa kawaida anayejifurahisha ni mara 4 mpaka 5 hivi, maana mlima wenyewe ndio unaomvuta. Tena sehemu kubwa ya siku yake anangoja foleni na kukaa kwenye kiti cha kamba kinachompandisha tena juu. Kijana wetu amesikia? Yule anayeruka na kupaa kwa mbwembwe, moyo wake huenda unafanya kazi sawa na wa mama anayekanyaga baisikeli kwenda posho mill. Hapo hatujahesabu gunia.

Mwenye pumzi hasa ni yule wa uwandani, anayejisukuma kwa miguu na mikono, na fimbo mbili mkononi, kilomita baada ya kilomita. Huyo tumpe heshima yake. Mtu mzima wa kawaida, akikimbizwa mpaka mwisho wa nguvu zake, hutumia mililita 40 hivi za oksijeni kwa kila kilo ya mwili wake kwa dakika. Watelezaji bora wa uwandani hupita 80. Ni kati ya binadamu wenye mapafu na mioyo yenye nguvu kuliko wote waliowahi kupimwa.

Na sisi wa huku hatuwezi kusema habari hiyo haituhusu, maana jirani yetu alikwenda kuijaribu. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata medali ya shaba kule Munich mwaka 1972, alipelekwa Finland mwaka 1996 pamoja na mwenzake Henry Bitok. Kampuni ya viatu ya Nike ndiyo iliyogharamia. Mpaka siku anashuka kwenye ndege alikuwa hajawahi kuikanyaga theluji. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, akasimama kwenye mstari wa kuanzia kule Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, mbio za kilomita 10.

Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, nambari 92, wa mwisho kabisa. Lakini Dæhlie hakwenda kuchukua medali yake. Alisimama pale mwisho wa njia, kwenye baridi, dakika 20, mpaka Mkenya alipofika, akamkumbatia. Sherehe ikabidi ingoje. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Baadaye akarudi tena kwenye Olimpiki ya 2002 kule Salt Lake City, na ile ya 2006 kule Turin.

Watu wengi husimulia hadithi hii kwa sababu ya lile kumbatio, na ni vizuri. Sisi tunaileta kwa sababu nyingine. Boit hakukosa pumzi. Mtu wa mita 800 kutoka nyanda za juu hakosi pumzi. Alichokosa ni ufundi wa mbao mbili na fimbo mbili, kitu ambacho mtoto wa Norway anakishika kabla hajaanza shule. Bila ufundi huo nguvu zote zinamwagika, unaanguka, unainuka, unahema. Ndivyo ilivyo michezo ya theluji: mlango wake wa kuingilia ni mwembamba. Unahitaji theluji kwanza, halafu vifaa, halafu mwalimu, halafu miaka. Kenya imepata wengine waliopita mlango huo, kama Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, akatuwakilisha Korea Kusini mwaka 2018 katika kuteleza mlimani. Lakini angalia alikokulia. Nairobi nako kulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli mwaka 2005, vijana wakaanzisha timu ya hoki. Tunawapongeza. Hata hivyo hapa Trans Nzoia na Bungoma theluji tunayoijua ni mvua ya mawe ikivunja mahindi, na sakitu ya asubuhi huko juu Mlima Elgon. Mlima wenyewe una mita 4,321, na bado hauna theluji ya kudumu.

Sasa kuna jambo ambalo hatukulitarajia tulipoanza kusoma habari hizi. Watu wa Norway na Sweden hawakubuni skii ili wafanye mazoezi. Hakuna mkulima anayekata mbao msituni apate njia ya kutoka jasho bure! Skii zilikuwa njia ya kusafiri. Kwa maelfu ya miaka, theluji ilipofunika nchi miezi mingi, mtu alikwenda kwa skii kuwinda, kuleta kuni, kwenda kwa jirani. Kule Sweden kuna mashindano makubwa yaliyoanza mwaka 1922, yanaitwa Vasaloppet, kilomita 90, kutoka Sälen hadi Mora. Yanakumbuka safari ya Gustav Vasa, aliyekuwa akiwatoroka maadui karibu na mwaka 1521 na baadaye akawa mfalme. Yaani hata mashindano hayo ni kumbukumbu ya safari. Halafu magari yakaja, barabara zikasafishwa, skii zikawa za Jumapili. Hapo ndipo wale watu walipolazimika kutafuta kwa makusudi, kwa pesa na kwa saa maalum, kile ambacho babu zao walikipata njiani bila kukiomba.

Skii zilikuwa baisikeli yao, kwa maneno mengine. Na sisi tuko pale pale walipokuwa siku pikipiki, tuseme, ilipobisha hodi.

Tukumbushane. Biashara ya kubeba watu kwa baisikeli ilianzia Busia miaka ya 1960, kuvusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, ndipo likaja jina boda boda, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Ikaenea Bungoma, Webuye, Kitale, Eldoret mpaka Kisumu. Miaka ya 1990 ukishuka kwa matatu Kitale au Bungoma ulikuta safu ya Black Mamba, kiti cha sponji nyuma kimeshonewa kitambaa cha maua, na kijana anakuita "twende mama, twende mwalimu." Sisi wenyewe tulikaa hapo nyuma, tukitazama shati la mwenye baisikeli likiloa mgongoni pole pole, tukijifanya hatuoni. Baisikeli nzito ya gia moja, abiria mmoja, pengine na debe la mahindi katikati, kisha kilima. Kama kuna mtu angempima kijana yule siku hiyo, hangekuwa mbali na Waskandinavia wa mwendo wa kati. Na hakuwa anafanya mazoezi, alikuwa anatafuta karo ya watoto.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na kwa miaka michache stage zote zikabadilika rangi. Hatusemi ni vibaya. Pikipiki imefikisha mama wajawazito hospitalini usiku, imefikisha maziwa kabla hayajaganda, na imewapa vijana riziki bila kuchubuka. Nani atamwambia kijana arudi kubeba mtu wa kilo 90 kwa miguu yake? Si sisi. Ile haikuwa mazoezi ya afya, ilikuwa kuchosha mwili mpaka mwisho, bila chakula cha kutosha, na wengi wao walilalamika magoti na kifua.

Lakini tazama kilichotokea upande wa pili. Tunamfahamu baba mmoja wa karibu na Kamukuywa aliyebeba watu kwa baisikeli zaidi ya miaka kumi. Akanunua pikipiki. Sasa anakaa juu yake tangu alfajiri mpaka saa mbili usiku, mandazi na soda stage, na alipopimwa mwaka jana presha yake ilikuwa juu kuliko ya mwalimu wetu. Alishangaa sana. "Mimi? Mimi niliyekuwa napanda na mtu mpaka Webuye?" Ndio, wewe. Nguvu za moyo haziwekwi akiba benki. Ukiacha kuzitumia wiki chache tu zinaanza kupungua, na baada ya miaka hakuna kilichobaki isipokuwa hadithi.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliona karibu Mkenya mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba Wakenya walio wengi bado wanatumia mwili vya kutosha, kwa shamba, kwa kutembea, kwa kazi za mikono. Kwa hivyo tuseme ukweli: kukosa mazoezi si sababu pekee. Kuna chumvi, kuna pombe, kuna mafuta ya kukaangia yanayorudiwa, kuna urithi wa ukoo. Lakini huu mwendo wa mwili tulio nao ndio tunaoupoteza sasa, safari moja baada ya nyingine, na tunalipa nauli ili tuupoteze.

Je, kuna ushahidi kwamba baisikeli ya kawaida, si ya mashindano, inalinda uhai? Upo. Huko Copenhagen, Denmark, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 kwa miaka mingi na kutoa matokeo mwaka 2000. Waliangalia hasa wale wanaokwenda kazini kwa baisikeli, mvua au jua. Baada ya kutoa hesabu za sigara, unene na hata michezo ya wakati wa mapumziko, waliona wale wasioendesha baisikeli kwenda kazini walikufa kwa kiwango cha asilimia 39 zaidi ya wale walioendesha. Mtu anaweza kufanya michezo yake ya jioni, na bado ile safari ya asubuhi ikamwongezea kitu.

Wenzao wa Sweden nao waliwafuatilia watu zaidi ya 73,000 walioshiriki Vasaloppet kati ya 1989 na 1998. Walikuta vifo kati yao si hata nusu ya vile vilivyotarajiwa kwa watu wa umri wao. Kwa haraka haraka utasema skii imeshinda. Lakini ngoja kwanza. Anayejiandikisha kwa kilomita 90 za theluji ni mtu ambaye tayari ana afya, na mara nyingi ana maisha yenye utaratibu. Mgonjwa haendi kujiandikisha. Mwenye baisikeli wa Copenhagen naye hawezi kuepuka shaka hiyo kabisa, ila yeye ni karani, mpishi, mwalimu, mtu wa kawaida anayekwenda kibaruani. Kwetu sisi ushahidi wake una uzito zaidi, maana ndiye anayefanana na sisi.

Pale ambapo skii imeishinda baisikeli kweli ni hapa: mikono, mgongo na mifupa. Mtelezaji anasukuma kwa mabega, anashikilia tumbo, anabeba uzito wake mwenyewe. Mwendesha baisikeli amekaa. Mapaja yanafanya kazi, mikono imeshika usukani tu. Mifupa inapata nguvu inapobebeshwa uzito, na juu ya kiti cha baisikeli haibebeshwi sana. Kwa mtu mwenye magoti mabovu hiyo ni baraka, lakini kwa mama aliyepita umri wa kuzaa, ambaye mifupa yake inaanza kupungua, baisikeli peke yake haitoshi. Basi ashike jembe. Tunasema bila utani: asubuhi baisikeli kwenda na kurudi, jioni kupalilia mistari michache au kuchota maji, na mwili umepata kila kitu anachopata bwana wa Norway kwa mbao na fimbo zake.

Kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kazi ya wastani. Piga hesabu nasi. Dakika 15 kwenda, dakika 15 kurudi, siku tano. Hizo ni 150 kamili. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, dakika 15 ni kilomita 3, yaani ile ile njia ya mwalimu kutoka nyumbani mpaka kanisani. Na utajuaje kama kazi ni ya wastani? Jaribu kuongea na mwenzako wa kando. Ukiweza kuongea lakini ukijaribu kuimba pambio pumzi inakatika, uko mahali pake. Ukiweza kuimba pambio lote na beti zake, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, shuka usukume.

Kushuka na kusukuma si aibu, tafadhali. Kutoka Bungoma kwenda Kitale ni kupanda karibu mita 500 kwa jumla, na anayejua vilima vya Webuye hahitaji kuambiwa.

Tulipotoa habari hizi kwenye vikundi, watu walituletea pingamizi, na zote zina maana. Ya kwanza ni barabara. Ile njia kuu ya Webuye, Bungoma na Malaba imejaa malori ya Uganda, na hatuwezi kumshauri mtu akaendeshe humo kwa ajili ya moyo halafu lori limmalize. Tumia njia za ndani, zile za murram kati ya mashamba, hata kama zinazunguka. Usiendeshe usiku bila taa. Vaa kitu kinachoonekana kwa mbali, bandika kitambaa cha kung'aa nyuma. Kofia ngumu ya kichwa ikipatikana, ivae, hata watoto wakikucheka.

Ya pili ni heshima. Hili lilitolewa kwa sauti ya chini, lakini ndilo zito. Mtu akishajenga, akishapata cheo, watu wanatarajia kumwona kwa gari, au basi abebwe. Mwenyekiti wa shule akionekana anakanyaga baisikeli, wanauliza kama mambo yameharibika. Hatuna dawa ya hili katika jarida. Tunachojua ni kwamba wachungaji, makatekista na walimu wa zamani walizunguka nchi hii yote kwa baisikeli, na hakuna aliyewadharau.

Ya tatu ililetwa na akina mama wa Bungoma. "Sisi tunakaa nyuma tu miaka yote. Nani alisema mwanamke hawezi kukanyaga?" Hakuna aliyejibu, wanaume waliangalia chini. Baisikeli isiyo na chuma cha juu ipo, na sketi pana au suruali ndani ya sketi inatosha. Mama mmoja alijifunza akiwa na miaka 44, uwanjani nyuma ya kanisa, binti yake akimshikia kiti. Alianguka mara tatu, akasema Boit wa watu alianguka zaidi.

Kabla hujaanza, haya machache. Kama una maumivu ya kifua, au pumzi inakatika ukitembea tu, pita kliniki kwanza. Ukiwa na dawa za presha usiziache kwa sababu umenunua baisikeli; muuguzi ndiye atakayesema zipunguzwe. Mwenye dawa za kushusha sukari abebe kitu kitamu mfukoni, peremende au sukari kidogo kwenye karatasi, maana mazoezi nayo yanashusha, na vyote viwili vikishusha pamoja unaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Mjamzito aulize kliniki.

Halafu kiti. Wengi wanaolalamika magoti kosa ni hapo. Kiti kikiwa chini sana unakanyaga ukiwa umejikunja kama chura, na goti linabeba yote. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Fundi atalegeza nati moja, kazi ya dakika mbili. Mwambie aangalie na breki, sio kusimamisha kwa sandali kama vijana wa Chwele.

Mwalimu wetu ametoa kuku stoo. Tairi zote mbili zilikuwa zimeoza, mnyororo umeshika kutu, lakini fremu ni nzima, ya chuma kile cha zamani. Fundi wa sokoni amesema atamaliza kabla ya siku ya kupima inayofuata, ambayo tutaifanya tena baada ya ibada, mahali pale pale. Njooni na kadi zenu za kliniki. Mwenye pampu inayofanya kazi aje nayo, ya ofisi imetoboka mpira.